Asprini ya Nabalayo

Mwaka wa 1957 Nabalayo alianguka kutoka juu ya lori la ngano huko Mau Narok, akavunjika mguu. Mfupa uliunga, lakini kulala wodini mjini Nakuru majuma mengi kulileta balaa jingine: damu iliganda ndani ya mguu. Daktari alimpa vidonge vya kuizuia isigande tena, akamruhusu kurudi kwa mumewe Wasike, katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini humo.

Mwezi uliofuata hedhi ilimjia na maumivu, kama siku zote. Alinunua asprini dukani, jinsi alivyozoea tangu usichana, akawa anameza asubuhi na jioni. Siku ya tatu fizi zilianza kutoa damu. Mapajani aliona mabaka meusi mahali ambapo hakujigonga, na vitambaa vilikuwa vikilowa mara tu alipovibadilisha.

Alijikokota hadi hospitalini. Dresa Jonah, msaidizi wa daktari, alikuwa mezani, na benchi limejaa wagonjwa, wanaume kwa wanawake.

"Unaumwa nini, mama?"

"Natoka damu. Ya fizi na ya mwezi."

Jonah aliweka kalamu chini. "Hayo hayasemwi mbele za watu. Mwambie mumeo aje aeleze."

"Mume wangu hapati hedhi. Atakueleza nini?"

Mtu mmoja akakohoa. Nabalayo aliweka dawa zote mbili mezani.

"Vidonge hivi nilipewa hapa. Nimevimeza mwezi mzima na sikutoka hata tone. Hii ni asprini ya dukani. Damu ilianza nilipoiongeza. Sijasoma, lakini siku najua kuhesabu. Niitie daktari."

"Daktari ana kazi nyingi."

"Basi nitasimama hapa. Nikianguka, nitaangukia meza yako."

Jonah akainuka, akaenda kumwita.

Daktari alipoziona zile dawa alimlaza papo hapo, akamchoma sindano. "Hizi mbili haziendi pamoja," alimwambia. "Kila moja inazuia damu isigande kwa njia yake. Ukizichanganya, damu haisimami. Mbona hukusema unatumia asprini?"

"Hakuna aliyeniuliza nikiwa mwezini nameza nini."

Daktari akachukua kadi ya Nabalayo, akaandika: asprini.

Siku ya tano alirudi nyumbani. Pale mferejini walipoteka maji aliwasimulia wanawake yote, bila kunong'ona: ukipewa dawa hospitalini, taja kila unachomeza, hata cha hedhi. Habari zikamfikia mzee wa kanisa, naye akaja kumwambia Wasike amnyamazishe mkewe.

"Nilikaribia kumzika," Wasike alijibu. "Mwambie mwenyewe."

Mzee akamgeukia Nabalayo, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni.

"Unatuaibisha, mama."

"Keti, mzee," alisema, akimsogezea kigoda. "Una mabinti wanne. Nikueleze na wewe."

Mzee alisita, kisha akaketi.