Bonyeza Juu ya Jicho

...na hata neno tafadhali hakuliweka, ameandika kama anavyowaandikia makarani wake wa pamba, Dada safisha macho ya mama kabla hujaiweka picha, wakwe wataangalia, basi, nukta, na Philomena alikuwa ameusoma ujumbe huo wa mdogo wake Kasmiri mara tatu tangu akae mbele ya kompyuta, simu iko mapajani, mkono wa kuume uko juu ya kipanya, na kipanya chenyewe kinateleza kama kipande cha sabuni, yeye mwalimu wa darasa la kwanza, aliyewashika mkono watoto wa Bariadi wasiohesabika mpaka wakaijua herufi a, leo anashikwa mkono yeye, "Polepole mwalimu, usikikamue hivyo, si chuchu ya ng'ombe," anasema Anatoli, anacheka kwa pua, mtu mwema Anatoli, amewapiga watu picha mjini hapa tangu enzi za filamu, filamu inapanda basi kwenda Mwanza kusafishwa na watu wanasubiri wiki mbili kujua kama walifumba macho, sasa ana kompyuta tatu na intaneti inayokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na pazia la buluu kule nyuma ambako robo saa iliyopita alimkalisha mama kwenye stuli na kumwambia, "Mayu, toa miwani kidogo, uso umeingia gizani," na mama akaitoa, akaishika mapajani kama mtu aliyeshikishwa yai, taa ya kamera ikapiga, akaivaa tena haraka, akaenda kuketi kwenye benchi ukutani, na yuko hapo sasa, nyuma yao, mtandio kichwani na miwani myeusi usoni, anauliza kwa Kisukuma kama bado, maana michembe, viazi vyake vikavu, imeachwa jikoni kwa jirani na jirani yule hajui kuongeza maji... "Bado kidogo, mayu," anajibu Philomena bila kugeuka, na sauti imemtoka kali kuliko alivyotaka, si kwa mama, mama hana kosa, wakwe wataangalia, wakwe gani hao, watu wa Mwandoya wanaofuga na kulima kama sisi, mama zao hawana moshi jikoni, wanapikia mwanga wa mwezi?

"Haya, tumekata, tumeng'arisha," Anatoli anasema, na ni kweli, wameukata ukingo wa pazia na fagio lililokuwa limejitokeza kushoto kama ndugu asiyealikwa, wameng'arisha shavu, na hayo yote amefanya Philomena kwa mkono wake, na kwa dakika kumi alikuwa amefurahi, lazima aseme ukweli, alifurahi kama mtoto aliyeandika jina lake, hakuna programu ya kununua, tovuti yenyewe inafanya, unapandisha picha, unairekebisha, kisha unaituma moja kwa moja kwenye albamu ya familia ambayo Kasmiri ameifungua kwa ajili ya harusi ya binti yake, Goodness, na mtu yeyote aliyepewa anwani, awe Dar, awe Mwandoya, anafungua na kumwona bibi wa bibi harusi... "na hiki hapa, chenye kijicho, ni cha kuondoa macho mekundu," anasema Anatoli, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema hiki ni cha kufungulia soda, "unabonyeza juu ya jicho, linakwisha," na Philomena akayarudia maneno hayo moyoni, unabonyeza juu ya jicho, linakwisha, "Linakwisha lini?" akauliza, swali la kijinga, na Anatoli akamtazama, "Hapo hapo, mwalimu. Unajua ule wekundu ni taa ya kamera, ikiingia jichoni inarudi na wekundu. Kosa la kamera, si la mtu," kosa la kamera si la mtu, eti, ulikuwa wapi na maneno hayo, Anatoli, mwaka ule kijijini Ipililo, ungesimama na kamera yako shingoni katikati ya boma letu ukawaambia watu, jamani, si la mtu, ungewaambia ni moshi, mwanamke huyu ameinamia mafiga miaka hamsini, anapikia vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe katika nchi ambayo mti wa kuni unautafuta kama ndama aliyepotea, nyumba haina dirisha, moshi unatoka unapotaka, macho yake mlitaka yawe meupe kama maziwa?

Walijua, hilo ndilo linalomkaba, walijua wote, kila mmoja wao alikuwa na mama mwenye macho ya namna ile, na kila mmoja alikohoa katika moshi ule ule akisubiri ugali, lakini Masunga alikuwa amekufa, mtoto wa Kasmiri, miaka minne, homa ya siku tatu, na Kasmiri alikwenda kwa mganga, na mganga hakutaja jina, waganga hao hawana haja ya kutaja jina, alisema tu mtazameni aliye karibu na moto, na kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na Kasmiri akarudi nyumbani na hakusema kitu, hakuinua mkono wala sauti, laiti angepiga kelele Philomena angejua pa kumshikia, hapana, aliacha tu kula, sahani ya ugali ikitoka jikoni kwa mama inafika mbele yake na kurudi ilivyo, siku ya kwanza, siku ya pili, na majirani wana macho, wanaona sahani inavyorudi, sahani ya ugali uliopoa ikivuka ua mchana kweupe ndiyo iliyosema yote ambayo mdomo wake haukusema, na siku ya tisa kukawa na karatasi mlangoni, maandishi ya kalamu ya bluu, herufi mbaya mbaya, bibi hama au utahamishwa, herufi za mtu aliyefika darasa la tatu, huenda Philomena mwenyewe ndiye aliyemfundisha huyo mtu herufi a kabla yeye mwalimu hajahamishiwa Bariadi, na wazo hilo humjia kila mwaka shule zikifunguliwa, akimshika mtoto mkono... "Mwalimu, umelala?" "Nipo." "Chagua kijicho basi," na akachagua, na kile kishale kikageuka kuwa alama ya kujumlisha, alama nyembamba kama ya kulengea, imekaa juu ya paji la uso wa mama.

Luhaga ndiye aliyemtoa mama kijijini, jirani asiye ndugu, alimpakia kwenye baiskeli kama gunia mpaka barabara kuu lipitapo basi la Bariadi, mama ameshika kikapu chenye kanga mbili, na Kasmiri alikuwa shambani siku hiyo, alichagua kuwa shambani, na sasa Kasmiri ni mtu, ushirika wa pamba ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, yeye alikuwa wa kwanza kuwa wakala, ana nyumba Mwanza, hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, anauliza magoti ya mama, anauliza kifua cha mama, macho hata siku moja hajauliza, na ile mara alipopita Bariadi na gari alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu, mama akaleta wali na kuku, Kasmiri akasema, "Nimekula njiani, mayu," na mama akachukua sahani nyingine akaifunika ile ya kwanza, polepole, na Philomena alitaka kuichukua hiyo sahani ampasulie kichwani mdogo wake, alitaka hasa, mkono ulikuwa umeshainuka, kisha akamwona jinsi anavyoitazama sahani iliyofunikwa, akaona koo lake linavyomeza mate matupu, akaelewa kwamba mtu huyu hamwogopi mama tena, labda hakuwahi kumwogopa, anaogopa kula sasa, maana akila leo itakuwa amekiri kwamba angeweza kula siku ile, na mtu mwenye kaburi la mtoto nyuma ya nyumba hushika chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa mama... ndiyo, haya, nimeelewa, alijiambia Philomena, nimeelewa na bado nina hasira, kuelewa hakujapunguza hata punje, safisha macho ya mama, wewe, wewe wa kuandika hivyo, "Jicho la kushoto kwanza," anasema Anatoli, na kidole kikabonyeza, kwa hasira kikabonyeza, na duara dogo likazunguka, likazunguka, mtandao wa Bariadi unafikiri, kisha jicho la mama likawa jeusi.

Siyo kiini tu, jicho zima, ule wekundu wa mama haukuwa wa taa, ulikuwa umeenea kwenye weupe wote kama chai kwenye kitambaa, na tovuti haikujua tofauti, ilipoona wekundu ilimwaga masizi, "Eeh," akasema Anatoli, "limekula sana hilo, jaribu la pili, yalingane," na akajaribu la pili, kwa nini alijaribu la pili hajui, labda kwa sababu mwalimu haachi kazi nusu, na la pili likawa kama la kwanza, na hapo kwenye kioo, kwenye uso uliong'arishwa vizuri, wenye chale zake mbili ndogo shavuni na pengo lake la meno, kukawa na matundu mawili yanayomtazama yeye Philomena bila kumwona, haya Kasmiri, yamesafishika, waite wakwe zako waje waangalie... na nyuma yake benchi likalia, fimbo ikagonga sakafu, mama amechoka kusubiri, harufu yake ya moshi na mafuta ya samli ikafika kabla yake, moshi bado, ingawa wanapikia mkaa siku hizi, na sauti ikasema kwa Kisukuma karibu kabisa na sikio, "Sioni kwa dude hili," na Philomena akaona kwa pembe ya jicho mkono wenye mishipa ukipanda usoni na kuivua miwani, hapa dukani, mchana, mbele ya Anatoli na yule dada aliyekuwa kwenye kompyuta ya mlangoni akiandika barua ya kuomba kazi, akainama, macho yake mekundu yakaja karibu na kioo, yakatazama kwa muda mrefu kama anavyotazama mchele kabla ya kuuosha.

"Huyu kipofu ni wa wapi?" akauliza mama.

"Ni wewe, mayu," akasema Philomena. "Aka," mama akasema, bila ubishi, kama mtu anayesahihisha jina la ng'ombe, "mimi naona," akaendelea kumtazama mwanamke yule, akatikisa kichwa, "pole yake," akasema, na ilikuwa pole ya kweli, pole ya kumpa mtu msibani, na Philomena alitaka kucheka, ikaja hasira badala ya kicheko, ikaja yote, akamtafuta Kasmiri moyoni aimwage juu yake kama kawaida, na safari hii Kasmiri hakuwapo pale alipomweka siku zote, kwa sababu mbele yake, mkononi mwa mama, ilikuwa ile miwani, na ile miwani Kasmiri hakuinunua.

Aliinunua yeye, wiki ile ile ya baiskeli, kabla ya godoro, kabla ya kumnunulia mama hata ndala, alikwenda stendi kwa wale wanaotembeza miwani kwenye ubao, akachagua iliyo nyeusi kuliko zote, akamvisha mama mlangoni kabla hajavuka ua mara ya pili, akawaambia wapangaji wenzake, mama amefanyiwa operesheni ya macho, jua linamwumiza, na mtu gani alikuwa ameuliza, hebu akumbuke vizuri, mtu gani hapa Bariadi alikuwa ameuliza kitu, hakuna, jirani mama Goleha alikuwa ameleta maziwa na kusema karibu mgeni, basi, na miaka kumi na moja mama amechambua mchicha na miwani hiyo, ameingia kanisani nayo, amepanga maharage kwa vidole kwa sababu haoni rangi yake, na walimu wenzake wakija kutembea Philomena hutangulia ndani, hasemi neno, anaitoa tu miwani juu ya kabati na kumpa, naye mama anaipokea na kuivaa, hajawahi kuuliza kwa nini, sahani inarudi, miwani inavaliwa, mama anafunika, mama anavaa, na wewe Philomena ulijiita uliyemwokoa, ulikasirika miaka kumi na moja kwa raha kabisa, ukiwa umekaa upande ulio safi... ilikuwa hofu, anajitetea, na ni kweli, ilikuwa hofu, wale watu wangeweza kuja mpaka huku, nani angejua, na Kasmiri naye si angesema hivyo hivyo, ilikuwa hofu, kwa sauti ile ile, koo likimeza mate matupu?

"Mwalimu," Anatoli anasema taratibu, "tuhifadhi au vipi, mtandao umetulia, tukichelewa utaondoka," na hakuna kilichobadilika dukani, yule dada wa mlangoni anaandika barua yake, duara dogo limekoma kuzunguka, kishale bado ni alama ya kujumlisha kati ya matundu mawili, simu iko mapajani na ujumbe wake, na mama amenyooka, amechoka kumhurumia kipofu, anaipangusa miwani kwa ncha ya mtandio kama anavyofanya kila mara kabla ya kuivaa, pumzi, pangusa, pumzi, pangusa, na Philomena, macho yake kwenye kioo, akaupeleka mkono wa kushoto nyuma, kiganja juu, kama anavyofanya darasani kwa mtoto aliyeshika kitu asichostahili kushika, akahisi miwani ikitua kiganjani, nyepesi, plastiki tu, bado na joto la mashavu ya mama.

"Anatoli," akasema, "hapa cha kurudisha nyuma ni kipi?"