Wapenzi wa Kobe Karani

Mume wangu Waithaka alirudi kutoka kizuizini akiwa na meno pungufu, kikohozi na swali moja. Hakuuliza mbuzi wetu walikwenda wapi. Hakuuliza nani alikufa kule rizavu, eneo walilotutengea sisi Wakikuyu, na waliokufa walikuwa wengi. Alikunywa uji wake, akamtazama binti yetu Wangu, aliyemwacha akitambaa na sasa alikuwa anakwenda shule, kisha akaniuliza kama nilipata kusikia hadithi ya Kobe Karani iliishaje.

Kidogo nimmwagie uji uliobaki kwenye sufuria.

Kwa asiyemjua, Kobe Karani ilikuwa hadithi ya picha, ya Kiswahili, iliyochapwa mjini Nakuru mwaka ule wa hamsini na mbili. Ilikuwa karatasi chache zilizokunjwa, wino wake ukibaki vidoleni. Kobe alikuwa karani wa vifurushi kwenye stesheni ndogo isiyo na jina, na mihuri yake yote aliiweka ndani ya gamba. Adui yake alikuwa Nguchiro, mwizi wa vifurushi, mwenye koti la kuazima, ambaye kila akitaka kuona kilichomo katika mzigo wa mwenzake alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, mikono ameikunja kifuani. Basi, ni hayo tu. Haikumaliza hata mwaka. Wako mabwana wa mjini watakaokuambia hawajawahi kuisikia, nami nawaamini, kwa sababu haikuwa yao. Ilikuwa yetu sisi wachuma maua ya pareto.

Tulikuwa shamba la mzungu mmoja upande wa Njoro. Ukishachuma maua yako unayapeleka kwenye nyumba ya kukaushia, unapanga foleni na kikapu chako hadi yapimwe, na mzungu mwenyewe hana haraka. Kwenye foleni hiyo ndipo Kobe aliposomwa. Dalmas, mpakiaji mizigo wa stesheni, ndiye aliyetuletea kila toleo jipya lilipofika na treni ya mizigo. Waithaka alikuwa seremala wa shamba, kazi yake kutengeneza treyi za kukaushia maua, na kusoma alikujua vizuri. Lakini hakusoma kama watu wanavyosoma kanisani. Aligawa sauti. Yeye alikuwa Kobe. Joash, karani wa stoo, akapewa Nguchiro. Chelangat, jirani yetu Mkipsigis, alikuwa abiria wote pamoja na ng'ombe wao, na Dalmas alikuwa treni. Mimi sikupewa sauti. Nilishika karatasi juu na kuigeuza huku na huku ili walio nyuma waone picha, na mkono ukichoka nilisemwa.

Na kila Kobe alipogonga muhuri, foleni nzima ilipiga mapaja na kuitikia pamoja, "Imepokelewa." Mzungu alikuwa akiinua kichwa kwenye mizani yake, anatutazama, anarudi kuhesabu ratili. Tulidhani hajali.

Watu walibishana juu ya matoleo yale kama wanavyobishana juu ya mahari. Dalmas aliapa kwamba hakuna lililoshinda lile la Nguchiro kujificha ndani ya jeneza, halafu jeneza likapakiwa kwenda Kisumu pamoja naye. Chelangat alipenda lile ambalo Kobe amepinduliwa mgongo chini katikati ya reli, treni inakuja, naye bado anamwandikia mama mmoja risiti ya kuku wake. Joash alisema matoleo mazuri ni yale ambayo Nguchiro anaonekana sana, na sote tulimcheka. Alikuwa ameizoea sauti yake mpaka mwili ukaizoea pia. Hata akiwa stoo, akitaka kuchungulia ndani ya gunia la mtu, utamwona anapanda kwenye vidole, mikono kifuani. Watoto walimwita Nguchiro na aliitika.

Kisha serikali ikatangaza Dharura ya kupambana na waasi. Tulisikia kwamba mwenye mashine ya kuchapa ameambiwa kitu chochote cha kusomwa na Waafrika kipate ruhusa kwanza, naye akaona afadhali achape risiti za maduka kuliko kusumbuana na polisi. Dalmas akasema kuna toleo moja limebaki njiani, limeshachapwa, lakini ndilo la mwisho. Waithaka alilingoja kama mgonjwa anayengoja dawa. Toleo lililotangulia lilikuwa limemwacha Kobe uso kwa uso na Nguchiro jukwaani, na mfuko wa barua mikononi mwa yule mwizi.

Kabla halijafika, askari walifika.

Walitupanga sisi Wakikuyu wote penye uwanja wa nyumba ya kukaushia, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Karibu na meza ya afisa walimsimamisha mtu aliyevishwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, matundu mawili ya macho. Kila mwanamume alipita mbele ya gunia mikono ikiwa kichwani na macho chini. Gunia likitikisika hivi, unakwenda kukaa pembeni. Likiinamisha kichwa, unapanda lori. Waithaka alipofika mbele yake, lile gunia lilipanda kwenye ncha za vidole. Mikono ndani yake ikajikunja kifuani. Kisha kichwa kikainama.

Wanawake waliokuwa pamoja nami walikuwa wanalia na sijui waliona nini. Mimi niliona. Waithaka alikuwa anatazama vumbi kama alivyoamriwa.

Mashtaka yake alisomewa palepale kwa Kiswahili kibovu: kwamba anakusanya watu penye nyumba ya kukaushia, anawafundisha maneno ya kuitikia pamoja na kupiga mapaja, na kwamba hicho ni kiapo cha waasi. Alijaribu kueleza. Alimwambia afisa habari za kobe mwenye mihuri, na afisa akadhani anafanyiwa dharau, akampiga kofi. Nawaza mpaka leo, ungemwelezaje mtu yule? Mambo ya foleni yetu yangeweza kuelezwa vibaya hivyo na mtu wa foleni yetu tu.

Siku chache baadaye na sisi wanawake tulipakiwa kurudishwa rizavu. Joash alikuja kutusaidia mizigo. Ndiyo, alikuja, na kitambulisho chake cha uaminifu kwa serikali kimening'inia shingoni. Alipoona lile sanduku la bati ambamo Waithaka aliweka matoleo yote ya Kobe, alisema rizavu mvua itayaharibu, afadhali atutunzie yeye. Nilimpa. Nilikuwa na mtoto mgongoni na askari nyuma yangu, na kwa kweli nilitaka aondoke machoni pangu. Hata toleo la mwisho, nilisikia baadaye, Dalmas alipolileta akakuta Waithaka hayupo, alimpa Joash.

Kwa hiyo mume wangu alipouliza Kobe aliishaje, mimi nilijua jibu liko wapi. Liko Bondeni, mjini Nakuru, karibu na tulikohamia baada ya rizavu, katika hoteli ya chai aliyofungua Joash.

Nisikilizeni vizuri, maana watu hunilaumu kwa kunyamaza. Waithaka alikuwa ameachiliwa kwa masharti. Kila wiki alikwenda kwa chifu kuonyesha uso wake. Akimgusa mtu wa serikali, hata kwa ngumi moja, anarudishwa alikotoka, na safari hii mapafu yake yasingemrudisha. Nilimjua mume wangu. Nikimwambia mchana nani alikuwa ndani ya gunia, jioni nitakuwa mjane. Nikaamua hataambiwa. Lakini swali lake halikukoma. Huko kambini, aliniambia, kila jioni walipofungiwa alikuwa akiwasimulia wenzake Kobe, akimaliza anaanza tena, na kila mara anafika pale jukwaani kwenye mfuko wa barua, hadithi inamkatikia. Alisema yapo mengi aliyonyang'anywa ambayo hataki kurudishiwa, lakini hilo analitaka.

Basi nikaenda mwenyewe kwa Joash. Nilidhani atakana. Alinipa kiti, akaniletea chai yenye maziwa mengi, akalitoa sanduku. Karatasi zilikuwa safi kuliko siku nilipompa, kila moja ameipigia pasi.

"Mama Wangu, hizi zote ni zake," alisema. "Mimi niliwekea yeye tu. Lakini mwambie akuje hapa. Dalmas huja, Chelangat huleta maziwa Jumapili. Tusome kama zamani."

Nilimwambia anipe toleo la mwisho nimpelekee. Akatikisa kichwa, akasema haliwezi kutoka. Akasema kwa upole tu, macho kwenye meza. Hapo nikajua anamtaka Waithaka mwenyewe, aketi kwenye kiti chake, anywe chai yake, na watu wote waone.

Jumapili tukaenda. Waithaka alivaa koti alilopewa na kanisa. Dalmas alimkumbatia mpaka akakohoa. Chelangat alimshika mikono miwili asiiachie, akamwambia amekonda kama ngamia wa Turkana, na sote tukacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Joash alikuwa amenenepa. Alisimama nyuma ya meza akipangusa vikombe vilivyokuwa vikavu.

Waliyasoma yote tangu la kwanza. Kwanza walibishana, jeneza au kuku, utadhani hakuna kilichotokea duniani. Sauti ya Waithaka ilikuwa imevunjika, lakini alipoanza kuwa Kobe ilirudi, pole pole, nzito, ya karani anayejua kila kifurushi. Nilimwona mume wangu kwa mara ya kwanza tangu arudi. Wateja waliacha chai zao. Muhuri ulipogongwa, Dalmas na Chelangat walipiga mapaja, "Imepokelewa," na wale wageni nao wakaitikia, wala hakuja askari. Nami, kama mjinga, nilikuwa nimeshika karatasi juu.

Joash aliisoma sauti ya Nguchiro akiwa amekaa. Hakupanda vidole hata mara moja. Niliangalia.

Toleo la mwisho lilikuwa fupi. Kobe anamwambia Nguchiro atoe mfuko. Nguchiro anautazama mfuko. Treni inaingia, moshi unafunika jukwaa, na picha ya mwisho ni moshi mtupu. Chini yake pameandikwa kwamba hadithi inaendelea. Waithaka aligeuza karatasi nyuma, akakuta tangazo la sabuni. Akaigeuza tena. Miaka yote ile, na kumbe ni moshi.

Joash ndiye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na wewe, huko, ulikuwa unawamalizia namna gani? Huyu Nguchiro ulimfanya nini?"

Dalmas na Chelangat walimgeukia Waithaka kwa hamu, wakidhani ni swali la hadithi.

Waithaka alicheka kidogo. "Mwanzo nilikuwa namfunga," alisema. "Kila siku namfunga. Halafu wale jamaa tulikuwa nao wakasema hapana, hapa jela imetosha, wacha huyo mtu aende. Basi nikawa namwacha, anaenda kwao."

"Na Kobe hakasiriki?" Chelangat aliuliza.

"Anakasirika. Lakini ako na vifurushi vya watu, atafanya nini?"

Walicheka. Joash hakucheka. Aliinamisha uso kwenye kitambaa cha kupangusia vikombe, na mabega yake yakatikisika. Dalmas akamgonga mgongo akisema huyu mzee amekuwa mwepesi wa machozi. Waithaka mwenyewe aliinuka, akaizunguka meza, akamshika bega. Akamshukuru mbele ya watu wote kwa kutunza karatasi zake, akasema wengine wangezitia moto. Nilikaa hapo nikiangalia mkono wa mume wangu juu ya bega lile. Sijawahi kuchukia kitu chochote kama nilivyouchukia wema ule. Alikuwa anautoa bure, kwa mtu aliyemuuza, kwa sababu hakujua, na mtu yule alikuwa anaupokea huku akijua.

Tulipoondoka, Waithaka alitangulia barabarani na Dalmas. Joash alinifuata hadi mlangoni, macho mekundu. Kumbe alijua siku zote kwamba nilimwona.

"Umesikia, Mama Wangu? Ameniacha."

"Amemwacha Nguchiro wa karatasi. Yeye hajui ni wewe."

"Waliniambia nisipotoa mtu naingia mimi. Nilikuwa na watoto."

"Hata sisi tulikuwa na mtoto."

Nilimwona akitafuta neno, na alipolipata halikuwa pole. "Basi usimwambie. Wewe mwenyewe unajua ukimwambia watamrudisha. Wacha akuwe anakuja tu, Jumapili, chai ni bure."

Alikuwa amesema kweli, na ndicho kilichoniuma zaidi. Aliijua hofu yangu, akaiweka mezani pake pamoja na vikombe. Waithaka aligeuka kule barabarani, uso wake umechangamka kuliko nilivyoota kuuona tena, akaniita, akauliza tunaongea nini na Joash muda wote huo.

Nikamwambia tulikuwa tunaagana.