Bega la Kashindye

Mwanangu alizaliwa Usoke akiwa na kinundu begani, kigumu, kikubwa kama punje ya karanga. Mimi nilikiona nikaogopa. Mama mkwe wangu, Kalunde, alikiona akapiga vigelegele.

"Kashindye amerudi! Tazameni bega!"

Kashindye alikuwa babu wa mume wangu, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo hadi bega lake likaota sugu. Ukoo mzima unaishi kwa sifa za sugu ile. Basi ikapikwa pombe, akachinjwa kondoo wa tambiko, na wazee wakaja kumgusa mtoto bega wapate baraka. Padri alimbatiza Raymundi, lakini jina hilo nililitumia mimi peke yangu.

Kinundu kikakua haraka. Ngozi yake ikawa nyekundu, ikang'aa kama iliyopakwa samli.

"Mzee anaongeza mzigo," mama mkwe akasema huku anacheka.

Mimi sikucheka. Tangu lini sugu ikamliza mtoto anaponyonya?

Nikaaga kwamba nakwenda kuungama, nikapanda treni hadi Tabora. Daktari Mzungu alikiminya kile kinundu, akakata kipande kidogo, akakipima kwa hadubini. Aliporudi hakukaa.

"Hii si sugu, mama. Ni uvimbe mbaya, nadra sana kwa watoto wachanga. Tukiukata sasa, mkono utabaki. Mkichelewa, utaingia mfupani."

"Ukate."

"Baba yake yuko wapi? Lazima akubali yeye."

Mwingereza yule na wazee wa Usoke hawakupatana kwa mengi, lakini kwa hili walipatana: mtoto si wa mama. Nikarudi na mwanangu mgongoni.

Mume wangu Ambrosi si mtu mbaya. Ni mtu wa "ndiyo, mama," na hiyo ni mbaya zaidi.

"Nikate bega la babu, Josepha? Ngoja tuvune tumbaku, tuwaulize wazee."

Tumbaku ikavunwa, ikakaushwa. Wazee wakaulizwa, wakanywa, wakasema mzee asiguswe. Asubuhi moja uvimbe ukapasuka, damu ikalowesha kanga yangu. Hapo Ambrosi alimnyakua mtoto akakimbia naye stesheni, hakumwuliza mtu.

Daktari hata hakutugombeza. "Sasa ni bega lote," alisema, "na mkono wake."

Ambrosi alikubali huku analia. Raymundi akapona, namshukuru Mungu. Tulipofika nyumbani mama mkwe alifunua nguo, akatazama upande ule uliobaki bapa, akafunika.

"Huyu si Kashindye. Mzee hawezi kukaa pasipo na bega. Tulikosea."

Tulikosea! Alilisema kama mtu aliyezidisha chumvi kwenye mboga.

Msimu haujaisha, mke wa shemeji yangu akajifungua mtoto wa kiume. Jina akapewa huyo, na kondoo, na nyimbo. Siku ya sherehe nilikaa nyuma ya nyumba na wangu, ambaye alikuwa anajifunza kutambaa. Anaweka kiganja chini, anajisukuma, anaanguka kifudifudi, mdomo vumbini. Kisha anaanza tena.

Ambrosi akatokea ameshika kibuyu cha pombe. "Mama anauliza mbona huji kucheza."

"Mwinue mwanao kwanza."

Alimtazama mtoto. Akatazama kule ngoma inakolia.

"Nitarudi sasa hivi," akasema. "Mama ananisubiri."