Upepo wa Saruji

Picha ilifika kwenye simu za ukoo mzima kabla mimi mwenyewe sijatoka kwenye majani. Gari langu dogo jeupe limegeukia lilikotoka, nyasi zimefika milangoni, na mimi nimo ndani nimeng'ang'ania usukani kama vile bado kuna mahali naenda. Aliyeipiga ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, muuza rimu. Ni yeye aliyenifungia zile rimu kubwa za kung'aa zilizonipeleka huko majanini, lakini hilo hakuliandika. Aliandika: "Mwalimu wa udereva huyo."

Ni kweli, nafundisha udereva. Kutwa nakaa kiti cha pembeni nikiwakanyagia breki watoto wa watu. Siku moja moja, uwanja wa mbio za magari unapofunguliwa kwa yeyote mwenye gari zima na kofia ngumu, nakaa kiti cha dereva na naendesha bila kumwambia mtu "punguza, punguza." Ndiyo starehe yangu. Sina nyingine na siiombei radhi.

Kikao kikaitishwa nyumbani kwangu, kwenye viti vyangu, kwa chai yangu. Wifi yangu mkubwa akasema mama mzima anayekaribia kupata mkwe hawezi kuwa anaokotwa kwenye nyasi. Shemeji akaitikia kwa kichwa mpaka nikahofia shingo. Wakakubaliana: nikitoka tena nje ya lami, hata kwa tairi moja, gari liuzwe na pesa ziende kwenye harusi ya binti yetu. Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme neno. Alikuwa ameinama, anakwangua tone la uji kwenye kitambaa cha meza kwa ukucha. Ukucha ule uliniuma kuliko hukumu yenyewe.

"Sawa," nikasema. "Ila matairi nachagua mimi."

Kesho yake nikampelekea shemeji rimu zake dukani. Akanishika mkono kwa huruma, akanionyesha nyingine, kubwa zaidi.

"Shemeji, hizi ni heshima. Ukipita nazo watu wanageuka."

"Mara ya mwisho niligeuka mimi," nikamjibu. "Heshima ibaki hapa dukani. Mimi nataka kukata kona."

Hakuelewa, na sikuwa na muda wa kumfundisha bure. Rimu kubwa ni nzito, gari dogo linahangaika kuzizungusha na kuzisimamisha. Tairi lake ni jembamba kama mkanda wa suruali, na la bei. Mwenye mfuko mdogo akishamaliza pesa kwenye mng'ao, analobaki nalo ni kununua mpira mgumu wowote unaoingia. Ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza. Rimu haigusi lami. Ikigusa, ujue mambo yameshaharibika. Kinachogusa ni mpira, na pesa yangu yote safari hii ingeenda huko.

Rimu za gari zilizotoka nalo kiwandani zilikuwa nyuma ya nyumba, zimebeba pipa la maji. Nikalishusha pipa, nikazisugua kutu kwa brashi, nikazizungusha moja moja kuona kama zimepinda. Nzima zote. Mbaya kwa sura, lakini nyepesi. Wifi alipita akaniuliza kama nimefikia kuokota vyuma chakavu.

"Nimefikia," nikamwambia, na nikaendelea kusugua.

Matairi yakanisumbua zaidi. Kwenye maduka ya mitumba kila muuzaji aliapa kwamba yake ni mapya, yamepakwa weusi yanameremeta. Nikapitisha kidole kwenye moja, kidole kikatoka kama nimeshika mkaa. Nikasoma namba za ubavuni, zile nne zinazosema lilitengenezwa wiki gani na mwaka gani: tairi lilikuwa na umri wa mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote. Mpira ukizeeka unakuwa kama ubao, hata kama haujatembea. Nikamrudishia tairi lake na weusi wake.

Niliyoyataka niliyapata kwenye yadi ya magari yaliyogongwa. Gari la saizi ya langu limebondwa nyuma, mbele zima, na matairi manne ya aina moja, machanga, bado ukiyaminya kwa ukucha yanakubali kidogo. Hayakuwa yale ya mbio tupu. Hayo yanaisha haraka, na mimi lazima nirudi nayo nyumbani na Jumatatu niyatumie kufundishia. Nikayachukua yote manne, nikayafunga, na jioni ya kuamkia siku ya uwanja nikapima upepo mwenyewe, pungufu kidogo kwa sababu uwanjani joto lingeuongeza. Nikalala na roho nyeupe.

Asubuhi njiani gari lilikuwa linarukaruka. Nikalaumu barabara. Uwanjani, kwenye kona ya kwanza, likateleza. Ya pili, likateleza zaidi. Yaani matairi yote yale niliyoyahangaikia yalikuwa yananipeleka kule kule! Nyuma ya uzio wa waya nikamwona shemeji na simu yake juu, na mume wangu pembeni yake, mikono nyuma. Mbele yangu kulikuwa na ile kona ndefu, na nje yake yale majani yangu.

Nikapunguza, nikaingia eneo la kusimama.

"Ameshindwa!" shemeji akapiga kelele. "Kutoka ni kutoka! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana majani," nikamwambia. "Unaona majani hapa?"

Nikapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote, na suruali yangu safi, nikachomeka kipimo. Upepo ulikuwa karibu mara mbili ya nilioacha jana, na tairi lililojaa hivyo halishiki lami. Nikaenda tairi la pili, la tatu, la nne: sawasawa, kazi ya mkono mmoja makini. Duniani kuna mtu mmoja tu anayejaza tairi hivyo. Mume wangu anabeba saruji kwa lori lake tangu tuoane, na kwake tairi lisilo gumu kama jiwe ni tairi linaloumwa. Nikamtazama kupitia waya. Akainamisha kichwa kama siku ile mezani.

Nilitoa upepo tairi kwa tairi, taratibu, nikipima, huku shemeji akiwahesabia watu makosa yangu. Kisha nikavaa kofia na kurudi.

Sasa gari lilikuwa gari. Lilishika lami na kuniambia kila kitu kupitia usukani. Kwenye ile kona ndefu nilikanyaga breki mapema, nikaachia, nikageuza mara moja tu, na majani yakapita pembeni yakibaki kuwa majani. Nikarudia. Nikarudia tena. Kulikuwa na magari yenye kasi kuliko langu, yakanipita, na nikayapisha bila uchungu. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Nilipotoka, simu ya shemeji ilikuwa mfukoni.

"Bahati," alisema. "Hata hivyo, kusimama kule katikati... tutakaa kikao tena."

"Hakuna kikao," mume wangu alisema.

Sote wawili tukamgeukia. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Upepo niliujaza mimi alfajiri. Nilitaka kumsaidia, nusura nimuue. Na gari haliuzwi. Nilipaswa kusema siku ile, nikakwangua uji."

Nilikuwa nimeshampangia maneno makali, marefu, ya njia nzima ya kurudi nyumbani. Nikayameza, si yote. Nikatoa kipimo cha upepo nikamkabidhi.

"Kuanzia leo kazi yako ni kupima. Kutia, hapana."

Akakitia kwenye mfuko wa shati. Halafu akaazima kofia kwa jirani yetu wa eneo la kusimama, akazunguka upande wa pili wa gari, akakaa kwenye kiti ninachokaaga mimi. Akafunga mkanda, akashikilia mlango kwa mikono miwili.

"Utapunguza kwenye ile kona, siyo?"

Nikawasha gari.