Gego la Mama Mkwe

Kazini walimwita Mtabiri, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Jino la mtu mzima likioza hadi kwenye kiini, ile nyama hai ya ndani, madaktari wenzake walimwita aje aangalie: kitapona kikifunikwa, au wanajisumbua bure? Kipimo chake hakikuwa cha uganga. Unaondoa sehemu iliyooza, unakandamiza pamba yenye dawa, unasubiri. Damu ikikata, kuna matumaini. Isipokata, kiini kinaugua ndani zaidi, usijidanganye.

Sasa akaletewa mama mkwe wake mwenyewe, na gego lake la mwisho la kutafunia.

"Linakuamsha usiku, mama?" aliuliza, macho kwenye trei.

"Hapana, baba. Linavuta kidogo tu nikinywa baridi."

Angekuwa mgonjwa mwingine, angembana kwa maswali. Huyu alimwamini, maana ilikuwa rahisi. Mbele ya mama huyu hata kupiga miayo hakuthubutu, na leo ameuinamia mdomo wake ulio wazi, mate yakimtiririka kidevuni. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Alikandamiza pamba, akaitoa. Nyekundu. Akakandamiza nyingine. Nyekundu vilevile. Alipaswa kukata kiini zaidi kidogo, asubiri, apime upya. Badala yake alifunika kwa simenti ya meno harakaharaka, akaziba, akasema kwa sauti yake ya Mtabiri, "Hili litapona, mama. Niamini."

Siku chache baadaye mama alirudi shavu limevimba, mtandio umeficha nusu ya uso, bintiye kamshika mkono.

"Umetafunia mawe, mama?" binti aling'aka. "Mume wangu si alikuambia litapona?"

"Mimi ndiye mkaidi," mama alijibu. "Alinionya nisilitumie, sikusikia."

Hakuonywa chochote. Mtabiri alilijua hilo vizuri sana, na bado alijifanya anachunguza picha ya eksirei. Daktari mzima kajificha nyuma ya mwanamke mgonjwa! Aibu ilimpanda hadi masikio yakamwaka moto.

Akamwomba mkewe asubiri nje. Kiini kilikuwa kimekufa. Lililobaki ni kusafisha mizizi yote, kazi ndefu, mdomo wazi muda wote. Hilo likishindikana, ni kung'oa, na mama ataishi kwa uji.

"Mama, siku ile damu..."

"Niliyaona macho yako, baba. Yalinikimbia." Alishusha mtandio taratibu. "Na mimi nilikudanganya. Lilikuwa linaniamsha kila usiku. Nitamwambiaje mkwe wangu kwamba silali?"

Hakuweza kuinua uso. Alivaa glavu, akazivua, akavaa nyingine, huku mama akipanda kitini mwenyewe na kuivuta taa imulike mdomo wake.

"Safari hii tusioneane haya," alisema.

Akafungua kinywa chote, na hakufumba macho.