Suruali Kumi na Mbili Zisizo na Mifuko

Mwanangu wa kike hakutaka hata kumwona yule niliyetaka kumpa kazi. "Mama, huyu ndiye aliyekusukuma ukavunjika mkono, akaondoka na cherehani yako. Leo unampa cherehani nyingine?"

"Amekaa miaka minne jela," nikasema. "Na ufundi amejifunza kulekule."

"Minne tu! Mkono wako bado unakuuma kila baridi ikiingia."

Kweli unauma. Tukakubaliana kwamba Mrefu, ndivyo nilivyomwita, ashone suruali kumi na mbili za sare ya shule, hapahapa dukani kwetu. Akiharibu, au kitu kikipotea, aondoke.

Siku ya tatu akazileta mezani zimepigwa pasi. Mishono ilikuwa imenyooka kabisa. Hata mimi siku hizi sishoni hivyo. Mwanangu akapapasa suruali ya kwanza ubavuni, akachukua ya pili, ya tatu.

"Mifuko iko wapi?"

Mrefu akaigeuza suruali ndani ikawa nje.

"Nilijua! Kitambaa cha mifuko umekiuza. Mama, si nilikwambia?"

Nikavuta droo ya cherehani yake. Kitambaa cheupe kilikuwemo, kimekunjwa vilevile nilivyompa, pini yangu bado juu yake.

"Kule nguo za wafungwa hazina mifuko, bibi," akasema, macho chini. "Nimeshona mamia. Mkono umekwenda wenyewe." Akaanza kuvua futi ya kupimia shingoni. "Tulikubaliana. Nimeharibu."

Nilimtazama mwanangu. Neno lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeniogesha na kunivisha miezi mitatu mkono ulipokuwa kwenye plasta.

Mwanangu akaiweka suruali ile mapajani, akaupitisha ukucha kwenye mshono. Kisha akachukua wembe wa kufumulia, akauvunja katikati, nusu akamnyooshea Mrefu.

"Fumua ubavuni. Sita zako, sita zangu. Na usinizoee."

"Asante, dada."

"Dada yako nani? Fumua, shule wanakuja saa kumi."

Wakafumua. Mimi nikakata mifuko, lakini mkasi mzito na mkono huu haviivi chungu kimoja. Kitambaa kilipoanza kuteleza, Mrefu akanyanyuka bila kuambiwa, akanishikia upande wa pili.

Mwanangu aliona. Akajifanya anatafuta uzi.

"Kesho saa mbili kamili," akasema, bado ameinama chini ya meza. "Ukichelewa, nakufungia nje."