Mashine Iliyosema Kila Kitu

Elijah Mwandawiro hakumwamini Mulei, kijana mpya wa kompyuta, tangu siku ya kwanza, Mulei alipovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Chumba cha kompyuta cha lile shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi, hakikuingiwa kwa viatu kwa sababu ya vumbi jekundu, na kila mgeni ilibidi aelezwe. Huyu Mkamba alielezwa na nani?

Mwaka ulikuwa themanini na saba. Ndani ya mashine ile ndimo ilimohifadhiwa miaka ya kazi ya wakataji mkonge wote, na bila miaka hiyo hakuna aliyepata kiinua mgongo. Kadi zao za zamani zilichomwa siku kompyuta ilipozinduliwa, mbuzi wakachinjwa, Elijah akakabidhiwa funguo. Tangu hapo alimtilia shaka hata mfagiaji.

Sasa fundi wa Nairobi, alipokuja kuirekebisha, aliiacha mashine ikitangaza kila inachofanya: nimefungua faili, nimesoma, nimefunga. Printa ikatema karatasi kutwa nzima. Zilirundikana sakafuni hadi Lois, karani wao, akakosa pa kuweka kiti.

"Mzee Elijah," Mulei alisema, "tuzizime hizi taarifa za uchunguzi. Tuiachie makosa na maonyo peke yake. Onyo likitoka leo, nani ataliona kwenye rundo hili?"

"Iache iseme," Elijah alijibu.

Moyoni alikuwa amepata alichokitafuta. Anayetaka mashine inyamaze ana lake jambo. Kuanzia siku hiyo Mulei akiingia tu, yeye na Lois walihamia Kidawida, lugha yao ya Kitaita, na kijana wa watu akabaki akiangalia ukuta. Jioni Elijah alizibeba karatasi nyumbani, akazipitia moja moja akitafuta jina moja.

Akalipata. Kila saa ya chakula cha mchana, wengine wakiwa kantini, Mulei alifungua faili ya wafanyakazi. Elijah aliuzungushia ule mstari duara kwa kalamu nyekundu, akaupeleka ukurasa kwa meneja, Bwana Donald. Alitembea kifua mbele, wala hakuona haya.

Walimkuta Mulei na kanda ya kompyuta mkononi.

"Ni nakala," alisema. "Diski inalalamika. Niliona onyo mara moja, nikaogopa."

"Kwa nini hukuniambia?" Elijah aliuliza.

"Nilikuambia maonyo yanapotea humo. Na nikiingia mnabadilisha lugha, Mzee. Ningeanzia wapi?"

Maneno ya mwizi, Elijah aliwaza. Mulei alifukuzwa siku hiyohiyo. Kanda Elijah aliifuta mwenyewe, akasikia raha.

Jumatatu asubuhi diski ilikwaruza, ikafa. Miaka yote ya wakataji ikaenda nayo. Elijah, akikumbuka maneno ya Mulei, alikimbilia ofisini kwa meneja, akauomba ule ukurasa wake. Onyo lilikuwa pale, mstari mmoja tu juu ya duara jekundu: diski inaharibika, chukua nakala. Alikuwa amelipita kwa macho yake mwenyewe, akilitafuta jina la mtu. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka. Alimtuma Lois kituo cha reli amwahi Mulei, lakini gari moshi la Nairobi lilikuwa limeondoka naye Jumamosi.

Ikabaki njia moja. Wakataji waliitwa, wakapanga foleni uani, na kila mmoja akatakiwa aseme mwenyewe alianza kazi lini. Hapakuwa na kadi, hapakuwa na kanda, hapakuwa na pa kuhakikisha. Bwana Donald alisema aliyepoteza ndiye atakayeandika, na akiandika asibishane na mtu.

Wa kwanza alikuwa Katuku, mzee wa Kikamba mwenye vidole vilivyokatwakatwa na mkonge. Alisimama mlangoni, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Acha tu, mzee, ingia navyo," Elijah alisema. "Ulianza lini?"

"Mwaka ule wa mafuriko, kabla ya Uhuru," Katuku alisema, akimtazama usoni. "Kama utaniamini."

Elijah alichukua kalamu, na iliyokuwa karibu ilikuwa ile nyekundu, akaandika.